Promota wa MMA aanze na daktari, mabango baadaye

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua niwazungumzie vijana wa Malindi wanaopanga kuandaa mapambano ya MMA, mchezo unaochanganya ngumi, mateke na mieleka, hasa msimu wa Desemba ambapo mji hujaa wageni na hoteli hutafuta burudani. Wazo lenyewe silipingi hata kidogo. Tunao vijana wa karate, taekwondo na ndondi waliofanya mazoezi kwa miaka mingi bila jukwaa la kuonekana, na wameshuhudia Francis Ngannou wa Kameruni na Israel Adesanya, mzaliwa wa Nigeria, wakivaa mikanda ya ubingwa wa UFC, kampuni ya Marekani inayoandaa mapambano ya MMA. Ninachokipinga ni mpangilio wa matumizi. Katika bajeti nilizoonyeshwa, fedha za kwanza huenda kwa mabango, taa na msanii wa kutumbuiza, na daktari hutajwa mwishoni, tena kwa matumaini kwamba atajitolea.

Nikilisema hili, hujibiwa kwamba masharti ya usalama ni ya wenye fedha, nasi tuanze tu, mengine yatafuata. Historia ya mchezo huu inasema vingine. UFC ilipofanya onyesho lake la kwanza mjini Denver, Novemba 1993, hapakuwa na madaraja ya uzani wala majaji, na yaliyokatazwa yalikuwa machache mno. Haikuchukua muda Seneta John McCain akaufananisha mchezo huo na kupiganisha majogoo, majimbo kadhaa ya Marekani yakaupiga marufuku na kampuni za televisheni ya kulipia zikaukimbia. Kilichoufufua ni kanuni zilizoanza kutumika New Jersey mwaka 2000: madaraja ya uzani, raundi za dakika tano, glavu, orodha ndefu ya makosa na daktari kando ya kizimba. Kampuni iliyonunuliwa mwaka 2001 kwa dola milioni 2 iliuzwa mwaka 2016 kwa takriban dola bilioni 4. Anayetafuta faida basi aanzie kwenye kanuni.

Sasa nirudi kwa daktari. Aprili 2016 mpiganaji Mreno, João Carvalho, alipigana mjini Dublin, refa akalisimamisha pambano, na siku mbili baadaye akafariki kutokana na jeraha la kichwa. Jeraha la ubongo si lazima lionekane mbele ya watazamaji. Linaweza kujitokeza katika chumba cha kubadilishia nguo, wakati umati unashangilia pambano linalofuata. Kwa hiyo daktari asiondoke kabla ya mpiganaji wa mwisho kukaguliwa, na ambulensi ikiwa ni moja nayo imembeba majeruhi, mapambano yasimame hadi irudi au ije nyingine, hata watu wakizomea. Promota aulize mapema, si usiku wa tukio, ni hospitali gani yenye mashine ya kupiga picha ya ubongo na mpasuaji wa kichwa, kwa kuwa kutoka hapa hadi Mombasa ni kilomita 120 hivi na barabara usiku haina huruma. Vipimo vya damu vya virusi vya ukimwi na homa ya ini B na C vifanywe kabla, na aliyeangushwa akapoteza fahamu apewe barua ya kupumzika ambayo promota mwingine yeyote ataiheshimu.

Jambo la mizani hudharauliwa, nami nimeliona kwa macho yangu. Mizani ya nyumbani iliwekwa juu ya zulia, kijana akapanda, akaambiwa yumo ndani ya uzani wake. Kocha wa upande wa pili alipoisogeza hadi kwenye saruji, namba ikawa nyingine kabisa, na mabishano yakaendelea hadi magharibi. Mizani iliyokaguliwa ni gharama ndogo kuliko bango moja la barabarani. Vijana pia wasiachwe wakimbie adhuhuri, katika joto letu la pwani, wakiwa wamevaa majaketi ya plastiki ili wapunguze kilo. Desemba 2015 Yang Jian Bing, mpiganaji wa miaka 21 kutoka China, alifariki Manila akijipunguza uzani, na shirika la ONE Championship, lililoandaa pambano lake, likalazimika kubadilisha taratibu zake.

Kupanga nani apigane na nani ndiyo kazi yenyewe ya promota. Kishawishi ni kumtafutia nyota wa mtaani mtu wa kumpiga kwa urahisi, ili ukumbi ulipuke. Bondia asiyejua kabali, wala namna ya kusalimu amri kwa kugonga sakafu, akikutanishwa na mcheza judo, anaweza kuzimia katika sekunde chache huku hajui kilichomfika. Ningependa mapambano ya mwanzo yawe ya ridhaa, raundi tatu za dakika tatu, bila kupiga viwiko, kama shirikisho la kimataifa la IMMAF linavyotaka kwa wasio wa kulipwa.

Baadaye, malipo yakianza, mkataba uwe wa maandishi na kiasi kitajwe, nacho kilipwe usiku uleule, kiingilio kiwe kimeuzwa au hakikuuzwa. Wapo waliopigana hapa pwani wakaishia kuambiwa wangoje mfadhili alipe.

Sheria ya Michezo ya mwaka 2013 inayataka mashirika ya michezo yasajiliwe kwa Msajili wa Michezo, na vijana wengi wanaolipanga jambo hili hawalijui hilo. Naiomba idara ya michezo ya Kaunti ya Kilifi iwaite pamoja na makocha na madaktari kabla ya msimu wa wageni, iwape masharti kwa maandishi, na ikatae kutoa uwanja wa umma kwa yeyote asiye na barua ya daktari na ya ambulensi mkononi.

Msomaji wako,
Shella, Malindi