Kisukari si kopo la sukari tu

Ndugu Mhariri,

Makala yenu kuhusu kisukari aina ya pili ilieleza vizuri dalili na dawa, ila ilipofika kwenye chanzo ikaishia kwenye kopo la sukari, kana kwamba sukari tunayokula ndiyo chanzo pekee. Hapo mmetupunja.

Nilipoambiwa ninao ugonjwa huo niliacha sukari kwenye chai siku hiyohiyo. Chapati zilizojaa mafuta na chipsi mayai niliendelea nazo kwa raha zangu, maana hazina utamu. Kliniki hakuna aliyenishtua. Nimefundisha baiolojia miaka mingi, na hata mimi jina la ugonjwa lilinihadaa.

Chanzo mlichokiacha ni mafuta. Mwilini, mafuta yasiyotumika hutafuta pa kukaa. Yakikosa nafasi chini ya ngozi huingia kwenye ini na misuli, na humo huzaa vitu ambavyo watafiti wamevichunguza sana: diasiligliseroli na seramidi. Insulini, homoni inayoziamuru seli zipokee glukosi (sukari ya kwenye damu), inapiga hodi kwenye seli, hodi inasikika, lakini aliyetumwa kufungua, yaani ujumbe wake ndani ya seli, amezuiwa ukumbini. Diasiligliseroli humkamata karibu na mlango. Seramidi humngoja mbele kidogo. Glukosi inabaki kwenye damu. Ini nalo, lisiposikia amri ya insulini, huendelea kumwaga glukosi usiku kucha. Ndiyo maana unapima alfajiri, hujatia kitu kinywani, na kipimo kiko juu.

Watu wenye afya njema wakitiwa mafuta kwa dripu, ndani ya saa chache misuli yao hupunguza kupokea glukosi. Hakuna aliyewalisha sukari.

Sisemi mafuta ni sumu. Misuli ya wanariadha wa mbio ndefu ina mafuta tele na insulini inasikilizwa vizuri, kwa kuwa wao huyaunguza. Wala sukari siitetei: soda ikizidi, ini huigeuza kuwa mafuta yaleyale.

Mngetuandikia pia habari ya utafiti wa DiRECT wa Uingereza, wa watafiti kina Roy Taylor na Mike Lean, uliochapishwa 2017. Wagonjwa waliopewa chakula kidogo sana kwa miezi 3 hadi 5, chini ya uangalizi, walipungua uzito, na baada ya mwaka, kwa asilimia 46 yao kisukari kilikuwa kimetulia bila dawa. Wote walikuwa na ugonjwa kwa muda usiozidi miaka 6. Wasomaji wenu waliopimwa juzi wanastahili kulijua hilo mapema, wakamuulize daktari kuhusu mafuta kwenye ini lao.

Mwalimu mstaafu,
Morogoro