Waliojikomboa watajwe pamoja na Lincoln

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo linalonikera kila ninaposoma makala za Kiswahili kuhusu historia ya Marekani. Nyingi husimulia kwamba tarehe 1 Januari 1863 Rais Abraham Lincoln alitia saini tangazo na watumwa wakawa huru, kana kwamba watu wapatao milioni 4 walikuwa wameketi wakisubiri kalamu ya mtu mmoja.

Walianza wao wenyewe. Usiku mmoja wa Mei 1861, hata miezi miwili haijatimia tangu vianze vita vya wenyewe kwa wenyewe kati ya Kaskazini na majimbo ya Kusini yaliyoasi na kujitoa katika Muungano wa Marekani, Frank Baker, James Townsend na Shepard Mallory, waliokuwa wakitumikishwa na waasi wa Kusini kujenga boma la mizinga huko Virginia, walitoroka kwa mashua ndogo hadi ngome ya Fort Monroe, iliyokuwa mikononi mwa jeshi la Kaskazini. Ofisa wa waasi alikuja na bendera nyeupe kuwadai, akitegemea sheria ya Marekani iliyoagiza watumwa watoro warudishwe kwa mabwana zao. Jenerali Benjamin Butler alimjibu kwamba Virginia ilikwisha kujitoa katika Muungano, kwa hiyo haikuwa na haki ya kukimbilia sheria zake, akawazuia watu wale kama mali ya adui inayotumika vitani. Kuitwa mali na hata huyo aliyewapokea ni jambo linaloumiza. Hata hivyo habari zilienea, na baada ya wiki chache mamia ya wanaume, wanawake na watoto walikuwa wamekimbilia ngomeni. Mwezi Agosti Bunge likapitisha sheria ya kuwanyang'anya waasi watumwa waliowatumikisha vitani.

Tangazo la 1863 lenyewe halikuwagusa watumwa wa Kentucky, Missouri, Maryland na Delaware, majimbo yaliyobaki katika Muungano. Silidharau, maana lilitamka kwamba walioachwa huru watapokewa jeshini, na hadi vita vinakwisha wanajeshi weusi wapatao 180,000 walikuwa wamelitumikia jeshi la Kaskazini. Lakini utumwa ulipigwa marufuku nchi nzima kwa Marekebisho ya 13 ya Katiba, yaliyoidhinishwa Desemba 1865, wakati Lincoln alikwisha kuuawa tangu Aprili.

Nawaomba waandishi wetu, watakapoirudia habari hii, waanzie Fort Monroe na wawataje wale watatu kwa majina yao, kama wanavyomtaja rais.

Msomaji wako,
Tanga