Madirisha ya Kisumu yachorwe kwa upepo wa Kisumu

Kwa Mhariri,

Kwa miaka sita nimekuwa mpangaji mtaani Migosi, hapa Kisumu, na katika muda huo nimenunua feni mbili na kulala sakafuni siku nisizoweza kuzihesabu, kwa sababu chumba changu kina dirisha moja tu, nalo limeelekea magharibi. Kuanzia saa tisa alasiri jua hulipiga hadi linapotua, na ukuta wa mawe ulioshiba joto hilo hunirudishia hadi usiku wa manane.

Simlaumu mwenye nyumba, aliyenunua ramani kama wanunuavyo wengine. Kasoro imo katika ramani zenyewe, ambazo huzagaa kutoka Nairobi, mji ulio zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, ambako mtu hufunga dirisha ili apate joto. Kisumu iko takriban mita 1,130, kando ya ziwa, na mchana joto hukaribia nyuzi 30 karibu mwaka mzima.

Hata hivyo, tunayo neema ambayo Nairobi haina. Mchana nchi kavu hupata joto upesi kuliko maji, hewa yake hupanda, na hewa ya ziwani huja kuchukua nafasi hiyo. Ndio upepo wa alasiri ambao kila aliyewahi kuketi ufukweni Dunga anaujua. Upepo huo hukausha jasho, na mwili hupata nafuu hata kama kipimajoto hakijashuka sana. Lakini hauwezi kuingia mahali pasipo na njia ya kutokea, ndiyo maana chumba chenye dirisha moja, hata liwe pana namna gani, hubaki kimetulia tuli huku miti ya nje ikiyumba.

Mtihani wetu ni kwamba upepo huu hutoka ziwani, yaani upande uleule wa jua la jioni. Ukiziba ukuta wa magharibi umeufukuza upepo, na ukiuacha wazi umelikaribisha jua. Kwa maoni yangu, madirisha makubwa yawe kaskazini na kusini. Ikweta inapita Maseno, si mbali na hapa, kwa hiyo jua la adhuhuri halipotei mbali na utosi, liwe limeegemea kaskazini mwezi Juni au kusini mwezi Desemba, na paa lililotokeza kiasi tu hulikinga. Upepo nao hunaswa na dirisha la bawaba linalofunguka nje, mradi bawaba ziwe upande ulio mbali na ziwa: ubawa wake husimama kama tanga na kuigeuza ndani hewa inayopita sambamba na ukuta. Madirisha ya kuteleza ya aluminiamu, ambayo siku hizi ndiyo fahari ya kila ploti, hayafanyi hivyo, na hata yakifunguliwa kabisa nusu yake hubaki kioo.

Matundu ya hewa juu ya dirisha nayo hayawekwi, au yakiwekwa wapangaji huyaziba kwa magazeti, nami nimo, kwa kuogopa mbu. Hofu hiyo ina msingi, kwani malaria si mzaha kanda hii. Dawa yake ni wavu, si gazeti, ingawa wavu hupunguza mwendo wa hewa na hivyo nafasi yenyewe haina budi kuongezwa.

Naiomba serikali ya kaunti, inapoidhinisha michoro, ikatae chumba cha kulala kisicho na nafasi ya hewa katika kuta mbili. Kwenye karatasi huo ni mstari wa kusogezwa tu; baada ya ujenzi ni mawe ya kubomolewa. Mwenye nyumba amenikubalia nitoboe ukuta wa kaskazini kwa gharama yangu, na hilo limewezekana kwa kuwa chumba changu ni cha mwisho kwenye safu. Majirani wangu wa katikati, waliopakana na vyumba vya wengine pande zote mbili na nyuma, hawana ukuta wa kutoboa.

Mpangaji,
Migosi, Kisumu