Fomu ya DR ni hati ya umma: barua kwa Mwenyekiti wa Tume ya Uchaguzi

Mheshimiwa Mwenyekiti,

Salaam kutoka Busia, upande wa Uganda, ambako tunauziana nyanya na kubishana bei na madereva wa malori kwa Kiswahili kutwa nzima. Ndiyo maana nakuandikia kwa lugha hii.

Ombi langu ni moja. Katika uchaguzi wa wabunge, naomba picha ya kila fomu ya DR, yaani fomu ya kutangaza matokeo ya kituo, vile vile ilivyotiwa sahihi kituoni, iwekwe kwenye tovuti ya Tume kila mtu aione. Namba zilizochapwa upya hazitoshi. Tunataka kuona karatasi yenyewe na sahihi zake.

Januari 14, 2021 nilikuwa wakala wa mgombea ubunge. Kituo chetu kilikuwa chini ya mwembe: meza mbili, beseni la plastiki la kuwekea alama kwa siri, sanduku, na kamba ya kuzuia watu. Saa kumi jioni kura zikaanza kuhesabiwa palepale. Msimamizi aliinua karatasi moja moja, akaionyesha pande zote, akataja jina, nasi tukahesabu kwa sauti pamoja na akina mama waliokataa kwenda kupika. Ilikuwa kazi safi. Sikuwa na lalamiko hata moja, nikatia sahihi.

Kisha nikapewa nakala yangu. Ilikuwa ya chini kabisa katika rundo na wino haukushika: saba ilifanana na moja. Intaneti ilikuwa imezimwa nchi nzima, kwa hiyo sikuweza kumtumia mgombea wangu picha yoyote. Nikaikunja, nikaitia mfuko wa shati, nikatembea usiku hadi kwake. Tulipozikusanya nakala za mawakala, nyingine hazikusomeka na nyingine hazikufika kabisa. Aliposhindwa kwa kura chache, hakuwa na namna ya kujua kama ameshindwa kweli. Hadi leo hajui, nami sijui. Hilo ndilo linaloniuma, Mheshimiwa, kuliko kushindwa kwenyewe.

Mahakama ya Juu, katika kesi ya Kakooza John Baptist ya 2007, ilisema fomu ya DR ni hati ya umma, na anayetaka kuitumia mahakamani lazima apate nakala iliyothibitishwa. Nakubaliana nayo. Lakini mgombea ana siku 30 tu za kupeleka kesi tangu matokeo yatangazwe kwenye Gazeti la Serikali, na mpiga kura wa kawaida hana wakili wa kumzungushia makaratasi. Hati ikiwa ya umma, basi umma uione bila kubisha hodi ofisini.

Jambo hili linawezekana. Agosti 2022 tulivuka tu barabara tukaona majirani zetu wa Kenya wakifungua fomu 34A, fomu zao za matokeo ya kituo, kwenye simu, kutoka vituo zaidi ya 46,000, kila mmoja akitafuta shule aliyopigia kura. Ila zile zilikuwa fomu za urais. Rafiki zangu wa Busia ya Kenya, waliomchagua Okiya Omtatah kuwa seneta wao, walitamani kuona za useneta kwa urahisi uleule.

Sisi hatuna Seneti. Bunge letu ni moja, na mswada ukipita pale hauna chumba kingine cha kuupitia upya. Kiti kimoja cha ubunge kwetu ni kizito mno kukabidhiwa mfuko wa shati la wakala.

Najua vituo ni vingi, vimepita 50,000. Basi anzeni na uchaguzi mdogo mmoja, jimbo moja. Msimamizi apige picha fomu kabla haijatiwa kwenye bahasha, mbele ya mawakala wote. Na maelezo ya kusoma fomu hiyo yaandikwe pia kwa Kiswahili, ambacho Katiba yetu, Ibara ya 6, inakitambua kuwa lugha rasmi ya pili.

Nakala yangu ya 2021 bado ninayo kwenye mfuko wa nailoni. Siku mtakapoiweka ile ya juu, yenye wino, nitakuja kuzilinganisha.

Wako mtiifu,
Mpiga kura wa Busia