Kwenu mnaobaki kituoni

Wajukuu zangu mnaosubiri gari pale Kajiungeni, Pugu,

Marahaba. Naanza kwa kuitikia kwa sababu shikamoo zenu hunifikia nyingi kwa mpigo, saa kumi na moja na nusu alfajiri, giza bado halijakatika, na siwahi kumjibu kila mmoja. Leo naziitikia zote.

Nilifundisha Baiolojia miaka 37, nikastaafu mwaka 2022. Miaka yote hiyo mwanafunzi nilimjua kuanzia getini. Aliyefika kengele imeshalia alikuwa mchelewaji, alipewa fagio au jembe, basi. Sikuwahi kumwuliza ameachwa na magari mangapi. Sasa nakwenda kliniki ya presha asubuhi, nasimama nanyi palepale, na ninayoyaona yananikosesha raha. Nawaomba radhi wote niliowapa fagio.

Jumatatu iliyopita nilihesabu magari sita. Kila likisimama, konda anaziba mlango kwa mkono: "Denti wawili tu! Wawili!" Binti mmoja wa kidato cha kwanza, sketi imemzidi mpaka kwenye kifundo cha mguu, aliishika nauli yake kwa nguvu hata alipofungua kiganja duara la sarafu lilikuwa limebaki kwenye ngozi. Sarafu ya 200, upande mmoja Mzee Karume, upande wa pili simba. Hiyo ni nauli halali iliyopangwa na serikali, mjukuu wangu. Si sadaka ya konda. Mtu mzima analipa 600 kwa safari isiyozidi kilomita 10, na konda ana hesabu ya kumpelekea tajiri mwenye gari jioni, kwa hiyo akikutazama anaona kiti cha 600 kimekaliwa na 200. Naielewa shida yake. Lakini kumkataa mwanafunzi mwenye sare ni kosa, na mkiniona naandika namba za gari kwenye daftari langu, jueni zinakwenda LATRA, mamlaka inayosimamia usafiri wa nchi kavu. Kazi hiyo niachieni mimi. Ninyi msitukanane naye, maana kesho alfajiri mtakutana tena, na mdogo wenu ndiye atakayelipia lile tusi.

Jambo moja naliomba kwa moyo wote: anayetangulia kupanda awe mdogo. Naona vijana wa kidato cha tatu mnaruka gari kabla halijasimama, mmoja anapita dirishani, na wale wadogo wanabaki na mabegi yao makubwa kama makobe. Mwenye mabavu asimame nyuma, awasukumie ndani wenzake, yeye aning'inie mwisho. Hapana, nafuta hilo. Asining'inie. Asubiri linalofuata.

Yapo pia mazuri pale pale. Nimeona mama aliyekaa akimwambia mtoto aliyesimama, "Lete begi nikushikie," akalipakata juu ya kikapu chake cha nyanya mpaka Gongo la Mboto, wala hakumwuliza jina. Nimewaona mkishuka, mkalipitia lile sinia la mihogo ya kukaanga, kipande kimepasuliwa katikati, kachumbari na pilipili zimejazwa ndani, kikafungwa kwenye karatasi ya daftari la mtu. Mnakula mnatembea, mnapuliza vidole, mnacheka. Na ule ubuyu mwekundu! Miaka mingi nimefundisha darasa la ndimi nyekundu, nikajifanya sioni.

Raha hizo ndogo zishikeni sana. Mwaka 1980 nilikuwa kidato cha nne, vita vya Kagera vimekwisha mwaka uliotangulia, na sabuni ilikuwa ya foleni. Sare tulifulia majani ya mpapai. Siwaambii haya ili mseme bibi aliteseka kutuzidi. Nawaambia kwa sababu zile foleni nimezisahau, ila siku dada yangu aliporudi na nusu mche wa sabuni siisahau. Shati langu lilinukia, nikawa nalinusa bega darasani kutwa nzima.

Kuna kero nyingine ambayo mimi mwenyewe nilichangia. Mmesoma kwa Kiswahili mpaka darasa la saba, mkaingia kidato cha kwanza, kila kitu kikageuka Kiingereza isipokuwa somo la Kiswahili lenyewe. Mtoto aliyekuwa anaongea sana shule ya msingi anakuwa bubu. Nilimsimamisha kijana mmoja kipindi kizima kwa sababu alishindwa kunieleza photosynthesis. Baada ya kengele alinifuata nje, akasema taratibu: "Mwalimu, si ni pale jani linapotumia mwanga wa jua, maji na ile hewa tunayoitoa sisi, likajipikia chakula?" Alikuwa anajua yote. Nilimwaibisha mbele ya wenzake kwa kukosa lugha tu. Basi ninyi fanyeni hivi: gaweni ukurasa katikati, kushoto andikeni usanisinuru, kulia photosynthesis, kisha elezaneni kwanza kwa Kiswahili mpaka kila mmoja aelewe, ndipo mtafute sentensi ya Kiingereza mtakayoiandika kwenye mtihani. Dakika mnazosubiri gari zinatosha maneno matatu. Matatu kwa siku, Jumatatu mpaka Ijumaa, ni kumi na tano.

Mabinti, sogeeni karibu. Mnapoachwa na gari la nne, yule kijana wa bodaboda husimama mbele yenu: "Panda, sista, nakupeleka bure." Wiki ya kwanza lifti. Wiki ya pili chipsi na soda. Wiki ya tatu anataka namba ya simu, na wiki ya nne anadai. Nimewasindikiza wanafunzi wangu kwa wazazi wao wakiwa na mimba, nawajua kwa majina, na karibu wote hadithi ilianzia kituoni, kwa sababu ya nauli. Tangu mwaka 2016 sheria inamfunga miaka 30 anayempa mwanafunzi mimba, na tangu mwishoni mwa mwaka 2021 msichana aliyejifungua anaruhusiwa kurudi shule. Hayo ni mema. Ila nataka usifike huko. Kuchelewa hakujamuua mtu. Fika saa mbili, pokea fagio, fagia, ingia darasani. Mihogo yako ya 200 uliyoinunua mwenyewe ni tamu kuliko chipsi zake, kwa kuwa hakuna atakayekuja kuidai.

Na wavulana, dada zenu wakibaki, baki nao mmoja wenu.

Jumamosi fueni, pigeni pasi, laleni mchana bila kuona haya. Mnaamka saa kumi usiku siku tano mfululizo.

Jumatatu nitakuwa chini ya mwarobaini, upande wa muuza magazeti, na kanga yangu ya njano. Atakayeachwa na gari la tatu aje asimame nami. Nitakuwa na daftari, kalamu na tochi. Konda nitaongea naye mimi.

Bibi yenu,
Mwalimu mstaafu, Pugu