Kabla ya kupiga msingi Subukia, tuchimbe mtaro kwanza

Mhariri,

Barua nyingi katika ukurasa huu huzungumzia majumba yanayoporomoka, na lawama huishia kwenye saruji hafifu, nondo nyembamba na vibali vya hongo. Ni kweli tupu, na mimi kama fundi wa ujenzi hapa Subukia nayajua hayo. Lakini kuna swali ambalo sijaona likiulizwa: ardhi yenyewe tunayoijengea imewahi kufanya nini?

Usiku wa tarehe 6 Januari 1928, ardhi ya hapa kwetu ilipasuka. Lilikuwa tetemeko la ukubwa wa 6.9, kubwa kuliko yote yaliyowahi kunaswa na mitambo katika Bonde la Ufa upande wa Kenya. Mpasuko ulionekana wazi juu ya ardhi kwa takriban kilomita 38, chini ya mteremko wa Laikipia-Marmanet, na kuna mahali ambapo upande mmoja ulishuka zaidi ya mita 2. Enzi hizo mashamba haya yalikuwa ya walowezi na watu walikuwa wachache. Leo yanakatwakatwa kuwa ploti za futi 50 kwa 100. Kila mara naitwa kupiga msingi kwenye ploti ambayo mwenyewe aliinunua bila kuambiwa lolote zaidi ya namba ya hati na umbali wake kutoka barabara ya lami.

Binti yangu anasomea jiolojia chuo kikuu. Likizo iliyopita alinifuata kwenye mjengo mmoja karibu na mteremko, ambako vijana wangu walikuwa wamemaliza kuchimba shimo la choo. Alishuka kwa ngazi, akaomba mwiko, akaanza kukwaruza ukuta wa shimo hadi alama zote za sururu zikafutika. Juu kulikuwa na udongo mwekundu, chini yake ukanda wa majivu ya volkano usiozidi upana wa kiganja, kisha changarawe. “Baba, fuata huu ukanda wa majivu kwa kidole,” akaniambia. Nikaufuata, ukazunguka shimo zima bila kukatika. “Basi hapa ardhi haijakatika tangu majivu haya yalipoanguka. Ungeukuta umekatika na kipande kimoja kimeshuka, ningekuomba uihamishe nyumba.”

Hiyo ndiyo kazi yote ya wanaotafuta matetemeko ya kale, ila wao huifanya kwa upana zaidi. Huchimba mtaro unaoukatiza ufa, yaani mstari ambao ardhi hukatikia wakati wa tetemeko, wenye kina cha mita kadhaa na urefu wa kutosha kuzionyesha pande zote mbili. Hutegemeza kuta zisiwafukie, huzisafisha kwa mwiko na brashi, kisha hupiga misumari na kufunga kamba hadi ukuta wote uwe miraba ya mita moja. Kila tabaka, kila kokoto iliyosimama wima, kila kipande cha mkaa huchorwa kwenye karatasi mahali pake.

Wanachosoma ni hiki. Matabaka ya chini yakiwa yamekatika, na yale yaliyolala juu yake yakawa mazima, basi tetemeko lilitokea baada ya yale ya chini kutandikwa na kabla ya haya ya juu. Tena ufa unapoiacha ardhi na ngazi wima, ukingo wa ngazi hiyo humomonyoka na kurundikana chini yake, kama ukingo wa msingi uliochimbwa ukaachwa mvua iunyeshee. Rundo hilo huota nyasi na kugeuka udongo. Likija tetemeko jingine, rundo jipya hulifunika la zamani. Ukikuta marundo mawili yamepandana, una matetemeko mawili. Umri hupatikana kwa kupima kaboni ndani ya mkaa, au kwa kupima chembe za mchanga kujua ni lini ziliona jua mara ya mwisho. Mkaa mmoja hautoshi, maana huenda ulitoka kwenye gogo lililokuwa limekufa kitambo, au maji yaliuleta kutoka kwingine. Ndiyo maana huchukua sampuli nyingi na kuzilinganisha.

Kule California, katika miaka ya 1970, mwanajiolojia Kerry Sieh alichimba mitaro mahali paitwapo Pallett Creek, kwenye ufa wa San Andreas. Yeye na wenzake walifika kwenye hesabu ya matetemeko makubwa 10 ndani ya miaka ipatayo 1,200, la mwisho likiwa la 1857. Wastani ni kama miaka 132 kati ya moja na jingine, lakini hayakuja kwa zamu: mengine yalifuatana karibu, kisha ufa ukatulia kwa karne mbili au zaidi. Mtu aliyeishi katika kimya hicho angeapa kwamba mahali pale ni salama.

Na kwetu je? Mwaka 2009 wanajiolojia Olaf Zielke na Manfred Strecker walichapisha utafiti walioufanya papa hapa katika bonde la Subukia, kwenye ufa uleule wa 1928. Matabaka yaliwaonyesha kwamba tetemeko lile halikuwa la kwanza. Ufa ulikuwa umeupasua uso wa ardhi mara kadhaa katika maelfu ya miaka yaliyotangulia. Kazi hiyo imeandikwa kwa Kiingereza cha wataalamu, na sijawahi kuisikia ikitajwa katika baraza lolote nililohudhuria. Inaniuma sana. Anayelala juu ya mstari huo ndiye aliyestahili kuambiwa kwanza.

Wapo watakaosema tetemeko la namna ile huja mara moja katika vizazi vingi, kwa nini tuwatie watu hofu? Nakubali kwamba huja kwa nadra. Lakini shule ninayoijenga leo natarajia wajukuu zangu waisomee, na kila Oktoba maelfu ya mahujaji hufurika Madhabahu ya Kitaifa ya Bikira Maria hapahapa kwetu. Isitoshe, sheria niliyoisoma ya California, iliyopitishwa mwaka 1972 baada ya tetemeko la San Fernando la mwaka uliotangulia, haikuwafukuza watu. Iliagiza mistari ya nyufa ichorwe kwenye ramani, na anayetaka kujenga karibu nayo achunguze kwanza, mara nyingi kwa mtaro, kisha asogeze nyumba mbali na ufa, kwa kawaida futi 50. Futi 50 kwenye ramani ni kazi ya kalamu na rula. Ukuta ukishafika kwenye linta, ni kazi ya kubomoa.

Mtaro pia ungetuondolea porojo. Machi 2018, baada ya mvua kubwa, ardhi ilifunguka karibu na Suswa na kuikata barabara ya Mai Mahiu kwenda Narok. Magazeti ya nje yakatangaza kwamba Afrika inapasuka vipande viwili. Wanajiolojia wengine wakasema ni maji tu yaliyobeba majivu laini ya volkano. Wakazi wakabaki katikati, hawajui wahame au wabaki.

Ombi langu kwa serikali ya kaunti ni hili. Mstari wa 1928 uwekwe kwenye ramani za ploti, kwa Kiswahili, na ramani ibandikwe mahali mnunuzi ataiona kabla hajalipa. Kusiwe na shule, zahanati wala kanisa jipya karibu na mstari huo bila mtaro kuchimbwa na mtaalamu kuusoma. Na sisi mafundi, tunaochimba misingi, vyoo na visima kila siku, tupewe namba moja ya simu ya kupiga tukikuta tabaka limekatika, na mtu aje alitazame kabla hatujamwaga zege.

Fundi wa ujenzi,
Subukia, Kaunti ya Nakuru