Kabla Hujakutana na Wazazi

Rafiki yangu mpendwa,

Salamu nyingi, na baada ya salamu, pokea pongezi zangu. Barua yako niliisoma mara ya kwanza nikiwa nimesimama, nikakaa chini kuisoma mara ya pili, kwa sababu naujua uzito wa jambo ulilolikubali. Kundi la skauti wadogo, watoto wa miaka 6 hadi 10, na wiki mbili zijazo unakutana na wazazi wao kwa mara ya kwanza. Umeniuliza uwaambie nini. Mimi naona unachotaka kujua hasa ni watakuamini vipi na watoto wao, na hilo ndilo nitakalolijibu.

Mkutano wangu wa kwanza na wazazi niliuandaa kwa wiki nzima. Niliwaeleza habari za Robert Baden-Powell, mwanzilishi wa skauti, na kambi yake ya kwanza kwenye kisiwa cha Brownsea, Uingereza, Agosti 1907. Nikaeleza ahadi, sheria, beji na namna mtoto anavyopanda kutoka ngazi moja hadi nyingine. Nilisema kwa dakika 40, na nilikuwa na furaha kweli, kwa sababu ni mambo ninayoyapenda. Nilipomaliza nikauliza kama kuna swali. Baba mmoja aliyekaa karibu na mlango, mwanawe amemlalia mapajani, akanyoosha mkono. Akauliza: "Mtoto akitaka kwenda msalani, nani anampeleka?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa sijalifikiria hata siku moja. Nikamwambia tutapanga. Akashukuru kwa adabu, mkutano ukaisha, akamwinua mwanawe wakaondoka, na sikuwaona tena. Yule mtoto tulimkosesha kitu, na hadi leo linaniuma.

Kwa hiyo, dada, anza na la msalani. Liseme mwenyewe, kabla hujaulizwa, maana kila mzazi atakayekuja analo moyoni hata kama ataona haya kulitamka. Sisi sasa tuna utaratibu ambao siubadilishi kwa ajili ya mtu yeyote. Watu wazima hawapungui wawili, hata wakija watoto watatu tu. Mmoja akiugua na hakuna wa kushika nafasi yake, siku hiyo hatukutani. Hakuna mtu mzima anayekaa peke yake na mtoto mahali ambapo wengine hawaoni. Msalani watoto wanakwenda wawili wawili, na mtu mzima anasimama nje, mahali anapoonekana. Kiongozi hamtumii mtoto ujumbe kwenye simu. Neno lolote linapitia kwa mzazi. Na mzazi akitaka kuja kukaa pembeni kutazama, aje siku yoyote, bila kubisha hodi mapema.

Hayo yaseme polepole. Waambie pia umesajiliwa na chama gani cha skauti, umepata mafunzo gani, na kama una cheti kiweke mezani wakione. Shirika la Skauti Duniani linavitaka vyama vyake viwe na utaratibu wa kuwalinda watoto. Utafute wa chama chenu, uusome hadi uujue kama unavyoijua ahadi. Mzazi akikuuliza akiwa na wasiwasi amlalamikie nani zaidi yako, uwe na jina na namba ya kumpa papo hapo. Kiongozi anayekasirika kwa kuulizwa swali hilo hafai kupewa watoto, na naamini wazazi wanaliona hilo usoni mwake kabla hajafungua kinywa.

Fomu ya afya usiigawe mlangoni wakati wa kutoka. Ijazeni pamoja mkiwa mmekaa: pumu, vyakula au vitu vinavyomdhuru, dawa anazotumia, na nani hasa anaruhusiwa kuja kumchukua. Hilo la mwisho lisisitize, kwa kuwa kuna nyumba ambazo jibu lake si jepesi. Kuna na mambo mzazi hataki mwenzake ayasikie, kama mtoto kukojoa kitandani, na siku ya kambi itabidi ulijue. Waambie fomu inasomwa na watu wawili tu, na kweli iwe hivyo.

Ukishamaliza hapo, usiendelee kueleza. Wape kamba.

Hii ndiyo sehemu ninayoipenda, kwa hiyo nivumilie. Kila mtoto na mzazi wake wapewe kamba mbili fupi, za rangi tofauti ili jicho lifuate vizuri. Wafundishe lile fundo la kwanza tunalofundisha wote, la kuunganisha ncha mbili: ya kulia juu ya ya kushoto, chini, ikatokeze; kisha ya kushoto juu ya ya kulia, chini, ikatokeze. Ukipatia, fundo linalala bapa na pande zake mbili zinafanana. Ukirudia kulia mara zote mbili, linakaa upande upande, na ukilivuta linateleza. Halafu wape wazazi sharti moja tu: mtoto afunge mwenyewe, na mzazi mikono yake aiweke mgongoni.

Utaona jambo. Mwaka uliopita alikuwepo mama mmoja na bintiye wa miaka 7. Mtoto akafunga, akavuta, fundo likafumuka. Akafunga tena, likakaa upande upande. Mama mikono ilikuwa mgongoni, lakini mabega yalikuwa yanasogea mbele kidogo kidogo, na midomo inatamka bila sauti: kushoto, kushoto. Mara ya tatu kamba ikamponyoka mtoto, na mama mkono ukatoka. Mtoto hakuinua hata kichwa. Alisema tu, "Mama, subiri." Mama akaurudisha mkono. Ilichukua kama dakika nne, na dakika nne ni ndefu sana kwa mtu aliyezoea kumfunga mtoto kamba za viatu kila asubuhi kwa sababu wanachelewa. Fundo likalala. Yule mtoto akalivuta kwa nguvu zake zote, halikufumuka, akamnyooshea mama yake avute na yeye. Mama akavuta, na nikaona macho yake yamelowa.

Siku ile sikuhitaji kumweleza skauti ni kitu gani. Na mimi pale ndipo nilipoelewa kwamba wazazi wanaombwa imani mbili: watuamini sisi na mtoto, halafu wamwamini mtoto mwenyewe. Ya kwanza tunaipata kwa utaratibu wa msalani, na ya pili haipatikani kwa maneno.

Maswali mengine yatakuja tu. Kuna atakayeuliza kama hili ni jeshi, kwa sababu ya sare, saluti na mistari. Usimkwepe. Mwambie ukweli kwamba Baden-Powell alikuwa mwanajeshi. Kisha mwambie alichokifanya kule Brownsea: alichukua wavulana kama 20, watoto wa shule za matajiri na watoto wa wafanyakazi, akawachanganya katika vikundi vinne vidogo, kila kikundi na kiongozi wake kijana, wakala na kulala pamoja na kujifunza kupiga kambi, kusoma nyayo na kuokoa maisha. Wazo la kikundi kidogo chenye kiongozi kutoka miongoni mwao ndilo mpaka leo uti wa mgongo wa skauti. Sisi wadogo wetu tunawaweka sita sita, na mmoja wao ndiye kiongozi wa sita yake. Mtoto wa miaka 9 akiulizwa "wenzako wote wamefika?" naye akageuka kuwahesabu, hapo hakuna jeshi.

Historia ya wadogo wenyewe ni fupi, nayo itawafurahisha wazazi. Skauti ilianza kwa wavulana wakubwa, lakini wadogo zao wakawa wanawafuata kwenye mikutano wakitaka na wao. Hawakufukuzika. Mwaka 1916 ndipo Baden-Powell alipowaanzishia rasmi kundi lao, wakaitwa watoto wa mbwa mwitu. Siku hizi kila nchi ina jina lake. Kuna wanaoitwa Sungura, kuna wanaoitwa Kabu. Mzazi aliye na mtoto mkubwa na mdogo nyumbani atacheka, kwa sababu anaishi na habari hiyo kila siku.

Kuhusu wasichana, eleza utaratibu wa chama chenu. Kuna nchi watoto wote wako pamoja, na kuna nchi wasichana wana chama chao cha Girl Guides, yaani skauti wa kike, vuguvugu lililoanza Uingereza mwaka 1910. Kuhusu dini, waambie ahadi inataja wajibu kwa Mungu, na kila mtoto anaitamka kwa imani ya nyumbani kwao. Hatumhamishi mtoto kutoka kwenye dini ya wazazi wake. Na ile salamu yetu ya mkono wa kushoto waonyeshe mapema, mtoto asije akamnyooshea mtu mzima nyumbani akaonekana amekosa adabu.

Ahadi usiiharakishe. Wazazi wengi watataka kujua lini mtoto ataapishwa na kuvishwa skafu, na watauliza kama wamkaririshe nyumbani. Waombe wasimkaririshe. Ahadi ya wadogo kiini chake ni kujitahidi kadiri ya uwezo wake, na mtoto anaweza kulielewa hilo kama utampa muda aliishi kwanza: wiki kadhaa za kucheza, kugombana, kupatana, kusahau kofia. Nilishamwona mtoto aliyeijua yote kama kasuku siku ya kwanza, na nilishamwona mwingine aliyekwama katikati ya ahadi mbele ya watu, akanyamaza, akavuta pumzi, akaendelea. Huyu wa pili bado yuko nasi, na sasa ndiye anayewashika mkono wageni.

Kuna watoto watakaolia. Usimruhusu mzazi kutoroka mtoto akiwa amegeuka, hata kama mzazi mwenyewe anaona ndiyo njia rahisi. Mtoto akigundua ameachwa kwa hila, wiki ijayo atang'ang'ania zaidi. Mzazi akae ndani siku ya kwanza, siku ya pili akae mlangoni, siku ya tatu aage wazi, aseme atarudi saa ngapi, na arudi saa hiyo hiyo. Wewe mpe mtoto kazi mkononi: kushika bendera, kugawa kamba, kuhesabu wenzake. Mkono wenye kazi hautetemeki sana.

Gharama zitaje zote siku hiyo hiyo, mpaka za kambi, asije mzazi akashtukizwa katikati ya mwaka. Sare isiwe kizuizi. Skafu peke yake inatosha kuanzia, na hata hiyo mtoto atavishwa siku ya ahadi. Nakuomba sana, usimtambulishe mtoto yeyote mbele ya wenzake kama yule ambaye hajalipiwa.

Na utahitaji msaada wa wazazi. Ukisema "nani anapenda kujitolea?" watu watatazama chini, si kwa ubaya, ila kwa sababu hawajui wanaombwa nini. Omba kitu kimoja chenye mwanzo na mwisho: mtu wa kufungua ukumbi Jumamosi mbili za mwezi ujao, mtu anayejua huduma ya kwanza aje kufunga bandeji pamoja na watoto kwa nusu saa, mtu mwenye mwandiko mzuri aandike majina kwenye orodha. Kwetu fundi seremala mmoja alikuja kwa saa moja kuwaonyesha wadogo jinsi ya kushika nyundo. Huu ni mwaka wake wa nne nasi, na hata mwanawe ameshahamia kundi la wakubwa. Ila kila atakayekaa na watoto mara kwa mara apitie usajili na ukaguzi ule ule uliopitia wewe, hata awe rafiki yako, hata awe ndugu yako.

Mkutano usizidi saa moja. Fungua kwa duara, watoto na wazazi pamoja, cheza mchezo mmoja wa kukimbia ili watoto watoe ile hofu ya mwanzo, kisha la usalama, kisha kamba, kisha maswali. Wakati unaongea na wakubwa kuhusu usalama, yule mwenzako awe na wadogo upande wa pili wa ukumbi, mahali wazazi wanapowaona. Wataona kwa macho yao wenyewe kile unachokisema.

Nimekufungia kamba 40 ndani ya mfuko huu, 20 nyekundu na 20 nyeupe, kila moja mita moja. Ncha nimezichoma kwa moto zisifumuke, lakini zipitishie kidole kabla hujawapa watoto, kama kuna iliyobaki na ncha kali ikate. Ukimaliza mkutano niandikie usiku huo huo, usisubiri. Nataka kujua walikuja wangapi, na kama kuna mzazi aliyekaa karibu na mlango.

Ni mimi rafiki yako, nikupendaye sana.